Mjukuu Wangu Hakuwa Mvivu

Waliosema mjukuu wangu ni mvivu nawajua wote kwa majina, na nisipowataja hapa msidhani nimesahau. Shule niliishia darasa la nne, na mpaka leo nikisoma nafuata mstari kwa kidole, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nitawataja wachache tu waliohusika. Wa kwanza ni mimi, Zainabu, bibi yake Salima, ninayekaa kijiji kimoja upande wa Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Kwa hiyo mtu asije akasema bibi huyu anawasema wenzake na yeye anajificha.

Naandika kwa ajili ya bibi mwenzangu mwenye msichana nyumbani ambaye leo anakimbia kama digidigi na kesho ndoo moja ya maji inamshinda. Watakuja watu na majibu. Kila mmoja atakuwa na jibu lake, na wote watakuwa na hakika. Mimi majibu yao niliyapokea tangu mabibo mpaka palizi, na mtoto nusura nimzike.

Salima aliletwa kwangu akiwa na miaka sita. Mama yake ni Rehema, mwanangu wa tatu, anauza mihogo ya kukaanga Masasi. Shule ya sekondari iko mbali na kwetu, na huyu mtoto kutembea hakujui. Tangu mdogo ukimtuma chumvi dukani anakwenda mbio, anarudi mbio. Alipofika kidato cha pili akaonwa na Mwalimu Kondo, mwalimu wa michezo. Akamtia kwenye mbio ndefu. Jioni wanatoka shuleni wanakwenda mpaka njia panda ya Mbekenyera na kurudi, mchanga mwekundu mpaka kwenye kope, na mwalimu nyuma yao juu ya pikipiki na saa yake ya kubonyeza shingoni. Kila siku anaandika kwenye daftari: fulani katumia dakika ngapi.

Mwanzoni nyumbani kwangu ilikuwa raha tupu. Mimi na Salima tuna utani wa bibi na mjukuu, tunaitana mke mwenza, maana marehemu babu yake alikuwa mume wetu sote. Akirudi namuuliza:

"Mke mwenzangu, leo mume wetu kakukimbiza na fimbo?"

"Mke mwenza, leo nimewaacha wavulana mpaka wakafikiri nimedandia bodaboda!"

Anakula ugali kama wanaume wawili, analala. Ndiyo ilivyokuwa.

Mambo yalianza kubadilika msimu wa mabibo, korosho zinaanguka, kila mtu yuko shambani kuokota. Salima akawa na siku nzuri na siku mbaya. Jumatatu anakimbia vizuri, Alhamisi anarudi anaburuza miguu, midomo imekauka, anakaa kwenye kizingiti hata viatu hawezi kuvua. Namuuliza una nini. Ananijibu kwa lugha yao ya redioni: "Bibi, betri imekata chaji tu." Wiki inayofuata anakimbia tena kama kawaida. Nikaona basi, ni ukubwa unamwingia.

Mwalimu Kondo akaja nyumbani. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukushtakia mjukuu wako."

"Marahaba. Kaiba nini?"

"Kaniibia muda. Huyu mtoto ana kipaji, bibi, lakini anachagua siku. Akitaka anakimbia, asipotaka anatembea. Juzi kashindwa na watoto wa kidato cha kwanza! Mimi hiyo naita jeuri."

Salima alikuwa jikoni anasikia. Hakutoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mwalimu: "Mchape kidogo. Sisi tulichapwa tukawa watu."

Maneno hayo niliyasema mimi. Mwalimu alichukua ruhusa ile akaenda nayo. Siku mbaya zikawa na adhabu: akichelewa, anapiga magoti kwenye changarawe, au anaongezewa mzunguko wa uwanja mara nne. Yaani mtoto aliyeishiwa nguvu dawa yake ni kumwongezea mbio! Hata punda tunamtua mzigo kwanza ndipo tumuulize ana nini.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kwetu Wamwera, na Wayao na Wamakua tuliochanganyika nao, mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Anapika vizuri, lakini chumvi anamwita mtoto mdogo au mwanamke mzee aitie. Hatangazi kitu. Anasema tu, "Naomba nitilie chumvi," na mwenye akili anaelewa, na anayeelewa hasemi. Ndivyo tulivyofundwa unyagoni na ndivyo nilivyomfunda Salima mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, siku alipokuwa mwali. Nyakanga wetu, yaani mkuu wa unyago, ni Bi Somoe, na mimi nilikuwa mkono wake wa kulia kwa miaka mingi. Yeye anaimba, mimi nafundisha.

Basi Salima akawa ananiomba nimtilie chumvi. Siku nne, sawa. Siku tano, sawa. Msimu ule wa korosho ukawa unakwisha, nikawa natia chumvi siku nane. Mvua za kupanda zilipoanza nikawa natia siku kumi, na mara nyingine anapumzika wiki moja na nusu tu tunaanza tena. Mimi natia chumvi. Mkono wangu unajua, mdomo wangu umefungwa. Kila jioni nilikuwa naambiwa mtoto anavuja, na kila jioni nilikuwa nakoroga mboga nasema, "Tayari."

Mwili wake ukabadilika mbele ya macho yangu. Viganja vikawa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa. Kucha zikawa laini, zinapinda. Akaanza kutafuna mchele mbichi; nikimkuta na mfuko wake wa mchele anauficha kama mwizi. Akipanda kutoka mtoni na ndoo, unaona kabisa mshipa wa shingo unaruka. Usiku alisema anasikia ngoma masikioni. Jirani yangu Bi Halima akasema hilo ni jini la mbio, limempenda, linamkimbiza na kumwacha. Mwanangu Bakari, mjomba wake Salima, ambaye kwa kabila letu ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, akaja na jibu lake naye.

"Mama, mpime mimba huyu."

"Mimba ipi?"

"Msichana anachoka, anatafuna mchele, unauliza ipi? Mbio hizo na wavulana porini, wewe unafikiri wanakimbia tu?"

Wakampeleka kupima. Hakuna mimba. Bakari hata pole hakusema, akasema kipimo kibovu. Wakampima tena. Salima alirudi safari ile ya pili akakaa nyuma ya nyumba, akaniambia, "Bibi, mjomba anataka wanikute nayo."

Kwenye zahanati tulipewa dawa ya malaria. Tukarudi tukapewa tena. Safari ya tatu yule kijana wa dawa, jina lake nalijua lakini nalimeza, hata kumtazama hakumtazama. Alikuwa anaandika huku anaongea na simu. Nikamwambia, "Baba, mtazame basi." Akasema, "Bibi, foleni ndefu." Foleni yenyewe tulikuwa sisi na mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi.

Kwa nini sikumwambia yule kijana habari ya chumvi? Mnaniuliza, na mimi najiuliza. Alikuwa mwanamume. Habari ile haisemwi mbele ya mwanamume hata awe na koti jeupe.

Palizi ilikuwa imepamba moto, mahindi magotini, ilipotangazwa siku ya kuchagua watoto watakaokwenda kukimbilia mkoa. Salima aliitaka nafasi ile kuliko chakula. Alisema akifika mkoani kuna shule zinachukua wakimbiaji, zinawasomesha. Wiki ile nilikuwa natia chumvi. Asubuhi yenyewe nilimwona ameshika nguzo ya nyumba anasubiri kizunguzungu kipite. Nikamwambia usiende. Akaniambia, "Mke mwenza, leo itakuwa siku nzuri. Nimeiomba."

Nilikwenda kutazama. Jua lilikuwa kali mno. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa pili. Mzunguko wa tatu nikamwona anapungua, anapungua, kama taa ya koroboi mafuta yakiisha. Mwalimu Kondo alikuwa anakimbia pembeni yake anapiga kelele, "Acha jeuri, Salima! Acha jeuri!" Akaanguka. Alikwenda chini mzima mzima, hata mikono hakutanguliza. Na yule mwalimu, nilimsikia kwa masikio yangu, akasema, "Simama, acha maigizo."

Sijui nilivukaje uwanja ule. Nina miaka sabini na kitu na goti bovu. Nilipomfikia nilimfunua kope kama tunavyofanya kwa mbuzi mgonjwa. Ndani kulikuwa kweupe, hamna hata wekundu wa kusingiziwa. Nikamwambia mwalimu, "Njoo utazame maigizo." Akatazama. Saa yake shingoni ilikuwa bado inahesabu.

Alitoa pikipiki yake yeye mwenyewe mpaka barabarani, Salima katikati yetu, kichwa kwenye bega langu. Pale tukapata gari lililokuwa linapeleka mbaazi, wakatubeba mpaka hospitali kubwa Nachingwea.

Anayetaka kujua subira ni kitu gani aende akakae kwenye benchi la hospitali na mtoto amelala mapajani. Ninawakumbuka wote wa benchi lile. Mama Deo wa Mnero, aliyemleta mumewe mwenye kidonda. Mzee Chilumba kutoka Mtua, alikuwa amekaa tangu alfajiri na alisema ameshasahau kinachomuuma. Binti mmoja Asha mwenye mimba ya kwanza. Walipomwona Salima wakasogea wote, pale pa kukaa mtu mmoja wakafanya kitanda. Mzee Chilumba alikuwa mbele yetu kwenye foleni. Mlango ulipofunguliwa, akaitwa, akaelekeza fimbo kwetu: "Waanze hawa. Mimi nikifa leo hamna atakayeshangaa." Watu wakacheka. Mimi nikalia. Huruma nyingine haina haja ya kuitafuta mbali.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Method. Alimtazama Salima machoni, viganjani, akasikiliza moyo. Wakatoa damu wakaenda kupima. Aliporudi alikaa chini, na daktari akikaa chini ujue.

"Bibi, huyu binti damu imekwisha mwilini. Nashangaa alikuwa anatembea, sembuse kukimbia. Lazima kuna mahali inakwenda. Binti, unatokwa na damu popote?"

Salima akanitazama mimi.

"Choo kina damu? Unatapika? Siku zako za mwezi zikoje?"

Anaitazama sura yangu tu. Daktari akauliza tena taratibu. Salima alikuwa hawezi kuinua kichwa kwenye mto lakini mdomo ameukaza kama mtu anayezuia meno yasitoke.

Pale palikuwa na nesi mmoja, Agripina, mwanamke mnene wa makamo, Mmakua. Akamwambia daktari, "Dokta, tupishe kidogo." Akafunga pazia. Akanigeukia mimi, wala si mtoto.

"Bibi, huyu amechezwa unyago?"

"Amechezwa."

"Na kungwi wake nani?"

Nikajigusa kifua. Akaelewa.

"Basi wewe ndiye uliyefunga, na wewe ndiye utakayefungua. Mimi nina damu chupa moja tu ya kuanzia, na hiyo nikiitia bila kujua inakotokea ni kama kujaza maji kwenye pakacha."

Nikamshika Salima mkono, ule mkono wa baridi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, sema." Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena, "Mimi niliyekufunda nakwambia sema."

Machozi yakamtoka bila sauti. Akasema, "Bibi, uliniambia nikisema mama atakufa."

Ee Mola wangu. Ndivyo tunavyowaambia. Ndivyo nilivyoambiwa mimi, na bibi yangu aliambiwa hivyo. Siri ya unyago ukiitoa, mama yako anakufa. Tunawaambia ili waogope, wasiende kuropoka kwa wavulana. Mimi nilikuwa nafikiri kila mtu akikua anajua ni kitisho cha watoto. Kumbe mtoto wangu alikuwa anakimbia, anapiga magoti kwenye changarawe, anaitwa mvivu, anapimwa mimba mara mbili, anakauka mwili, na muda wote ule moyoni mwake anamlinda Rehema asife Masasi.

Nilimgeukia nesi nikasema mimi. Nilisema yote kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani. Nesi akauliza, "Siku ngapi kila mwezi?" Salima hakuwa amehesabu. Mimi nilikuwa nimehesabu. Nikamtajia siku za chumvi, mwezi baada ya mwezi, tangu mabibo mpaka palizi. Alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika akanitazama.

"Bibi, uliyajua haya yote?"

"Nilikuwa natia chumvi," nikasema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Salima alipomaliza kuambiwa kwamba imeshasemwa, jambo la kwanza aliloomba ni simu. Mimi simu yangu niliiacha nyumbani kwa haraka. Mama Deo akaleta yake kutoka nje. Tukampigia Rehema. Akapokea, nyuma yake kelele za sokoni.

"Mama, uko hai?" Salima anamuuliza.

"We mtoto una nini? Niko hai, nakaanga mihogo, mafuta yananirukia. Mbona unalia? Mama! Mpe mama simu! Kuna nini huko?"

Rehema alifika kesho yake mchana, bado ananukia mafuta ya kukaangia.

Nesi Agripina alimwomba Mwalimu Kondo, aliyekuwa ametufuata na amekaa nje na kofia mkononi, alete daftari lake la mbio. Akalileta. Wakaliweka mezani, nesi na daktari, na mimi nasema siku zangu za chumvi kwa kufuata palizi na minada na Ijumaa. Siku mbaya za Salima zilikaa pale pale kwenye siku za chumvi. Mwanzoni wiki moja mbaya katika mwezi, kisha mbili, kisha siku nzuri zikawa za kutafuta kwa tochi. Mwalimu aliziandika kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika "jeuri", "jeuri", "uvivu". Alikuwa na jibu lote kwapani, miezi yote hiyo anatembea nalo juu ya pikipiki. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Bibi, mimi nilifundishwa kuhesabu dakika. Hakuna aliyenifundisha kuuliza." Nikamwambia, "Kuuliza hakufundishwi, mwalimu. Mtoto wako akilia unamuuliza."

Damu ilihitajika nyingine, na ndugu wanatakiwa kujitolea. Bakari aliitwa, akasema ana mgongo. Mwalimu Kondo akakunja shati. Wakaipima damu yake, ikafaa. Kwa hiyo nataka mjue kwamba damu ya Mwalimu Kondo inazunguka mwilini mwa mjukuu wangu, nami nilimshukuru mbele za watu, na bado sijamaliza kumkasirikia. Mambo hayo mawili yanakaa kifuani mwangu pamoja, hayagombani.

Chupa tatu ziliingia. Ya kwanza alilala. Ya pili midomo ikapata rangi. Ya tatu akasema, "Mke mwenza, hapa chakula chao hakina chumvi," tukacheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha, kisha alipoelezwa naye akacheka.

Tukarudi nyumbani na vidonge vya aina mbili. Vya kwanza vya kuongeza damu, anakunywa tangu mvua mpaka tumevuna ufuta. Mkipewa hivyo msishtuke: choo kitakuwa cheusi, tumbo litafunga, na mtoto atasema bora ugonjwa. Mpeni maji, mpeni mapapai. Na chai msimpe pamoja na vidonge, nesi alinikataza, akasema inavizuia kufanya kazi. Mimi nilikuwa nampa kikombe cha rangi kila asubuhi nikidhani namsaidia. Vya pili ni vya kupunguza ile damu ya mwezi, na hivyo ndivyo vilivyoleta vita. Bakari alivisoma kwenye pakiti akavirusha uani.

"Hivi ni vya uzazi wa mpango! Mama, unamfundisha mtoto umalaya?"

Rehema, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpandishia kaka yake sauti, aliviokota kimoja kimoja mchangani. Kisha akamwendea karibu.

"Kaka, ulipoambiwa utoe damu ulikuwa na mgongo. Leo mgongo umepona wa kuja kumwaga dawa? Ondoka uani kwa mama."

Hakurudi mpaka tunaanika ufuta. Alipokuja alileta jogoo, akamweka chini, hakusema kitu. Jogoo tulimla. Maneno bado namdai.

Bi Somoe alikuja na wanawake wawili. Nilimtandikia mkeka. Alisema habari imemfikia kwamba nimetoa siri hospitalini, mbele ya watu baki.

"Nimeitoa," nikamwambia.

"Zainabu, umelala na sisi msituni unyago ngapi? Leo unakuja kuvua nguo mila?"

"Somoe, mila imenivua nguo mimi. Nilimtazama mtoto anakufa nakoroga mboga."

"Chumvi ni heshima."

"Iwe heshima. Mimi sijasema chumvi iachwe. Nasema akiomba siku ya sita mfululizo, aulizwe. Na yule anayewaambia wali kwamba mama zao watakufa, aache. Nilikuwa mimi. Nimeacha."

Aliondoka bila kuaga. Unyago wa baada ya mavuno ulipofika sikuitwa. Ngoma nilizisikia nikiwa kwangu, mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Sitaki kuwadanganya, iliniuma. Lakini wali walipotolewa, mama zao watatu walikuja kwangu mchana kweupe, mmoja mmoja, na mabinti zao, kila mmoja anajifanya amekuja kuomba mbegu za mbaazi. Nikawapa mbegu. Na neno lile nililomwambia Somoe nikawapa.

Salima alianza tena kwa kutembea. Kisha mbio za polepole mpaka kwenye daraja. Nafasi ya mkoa ilikwenda kwa msichana mwingine, Tatu, na Salima alimwazima viatu vyake. Na siku mbaya bado zipo, hilo nalo nataka mlijue, maana mimi mara ya kwanza aliporudi amechoka nilimfunua kope mara nne. Nesi Agripina alinieleza tulipokwenda kupima tena. Alisema mkimbiaji si saa ya ukutani. Mmoja hakulala vizuri, mwingine amelima asubuhi kabla ya shule, mwingine jua limempiga, mwingine ana mawazo, mwingine jana alikimbia kupita kiasi na mwili unalipiza. Siku mbaya si ugonjwa na si dhambi. Ugonjwa ni siku mbaya zinapojipanga mstari na nyumba nzima inatazama pembeni. "Kwa hiyo nitajuaje?" nikamuuliza. Akasema, "Bibi, mtoto mwenyewe anajua. Kazi yako ni kumfanya aweze kukwambia."

Wiki iliyopita nilikwenda uwanjani. Korosho zinatoa maua sasa, upepo umejaa harufu yake. Watoto walikuwa wanazunguka, Mwalimu Kondo kasimama katikati na saa, na wazee kadhaa wa kijiji wamekaa pembeni kungojea mpira uanze, Bakari akiwa mmoja wao juu ya baiskeli yake. Salima alikuwa mbele. Mzunguko wa tatu akapunguza. Wa nne akatembea. Nikainuka. Mwalimu akafungua mdomo, nikaona anavyoukamata mwenyewe, akaufunga. Kisha akauliza kwa sauti, "Salima, vipi?"

Mtoto akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Hakumtazama mwalimu. Alinitafuta mimi, kule mbali, akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka juu ya paa la shule:

"Bibi! Niko kwenye siku zangu! Tumbo linauma, leo siendelei!"

Wavulana waliganda. Mzee mmoja akatazama miguu yake. Bakari akaanza kuhangaika na kengele ya baiskeli. Na mimi, aibu ya miaka sabini ilinipanda kuanzia nyayo mpaka utosini, nikasikia masikio yanawaka moto, nikamsikia bibi yangu kaburini anauliza huyu ni mtoto wa nani.

Nikaweka viganja mdomoni kama ninayeita mbuzi, nikamjibu kwa sauti ileile, wasikie wote:

"Siku ya ngapi?"

"Ya pili!"

"Haya! Njoo ukae!"